Karatasi ya Mawimbi ya Lusajo

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mwanangu Lusajo anakwenda kupimwa ubongo Dar es Salaam! Nimeanza na hilo, habari za asubuhi zitasubiri. Barua ya Bupe imefika leo. Bupe, binti niliyemzaa mimi hapa Masoko, ndiye anayeshika mashine yenyewe kwenye hospitali huko. Unafungwa nyaya kichwani, kalamu zinachora mawimbi ya ubongo kwenye karatasi. Nani mwingine kata hii ana mtoto wa namna hiyo? Hakuna. Nimewatangazia wote kwenye mzani wa kahawa, hata wale wanunuzi wapya wanaokuja na magari yao kushindana na ushirika.

Kahawa, madebe mawili. Baridi kali.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji Anyosisye amekuja, mdogo wa marehemu mume wangu. Anataka kikao cha ukoo. Anasema ugonjwa wa Lusajo umetoka kwa Sekela, mke mwenzangu. Ati kwenye matanga ya mume wetu Sekela alinung'unika kukosa nyama, na manung'uniko yakamwingia mtoto. Mwaka wa tatu sasa Lusajo anasikia watu wasiokuwepo wakimsema. Chuo cha ualimu aliacha. Wanataka Sekela ahame, arudi kwao Lufingo. Mama wa miaka sabini. Nani atampokea?

Nikamwambia, "Shemeji, subiri mashine. Ugonjwa mtauona kwenye karatasi, kwa macho yenu."

"Na usipoonekana?"

"Utaonekana! Bupe anaijua kazi."

Amekubali kusubiri. Mdomo wangu umemwokoa Sekela.

Jumatano, 12 Juni, Dar es Salaam

Aibu. Bupe alitangulia kazini, mimi nimlete kaka yake. Lusajo akaoga. Nikampaka mafuta ya mgando kichwani, nikamchana mpaka nywele zikang'aa. Mwanangu aende mbele ya madaktari amepauka? Kumbe mafuta ndiyo adui. Nyaya zikateleza, hazikushika.

"Mama! Nilisema aoshe nywele kwa sabuni tu!"

"Ulisema awe safi."

"Safi, siyo chapati!"

Lusajo akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Wamesema kesho tena.

Alhamisi, 13 Juni

Kalamu zimechora. Karatasi ndefu, inakunjwakunjwa kama shuka. Lusajo alilala kimya, ametulia. Mimi nimekaa nje ya mlango naomba Mungu ugonjwa uonekane. Mama gani anaomba hivyo.

Haukuonekana. Daktari kasema mawimbi ni ya kawaida.

Nimemgombeza Bupe, mashine gani hii? Akanikalisha kwenye benchi. Kasema wa kwanza kuchora mawimbi ya ubongo wa mtu alikuwa Mjerumani, daktari wa wagonjwa wa akili. Alifanya kazi yake peke yake miaka mingi, akampima mpaka mwanawe wa kumzaa. Mwanzoni wenzake hawakumwamini. Baadaye wakaja wengine, nchi nyingi, wakitumaini kuuona wazimu kwenye mistari. Kifafa walikiona, wazi kabisa. Ugonjwa kama wa Lusajo, mpaka leo wanatafuta. Wakiwalinganisha wagonjwa wengi na wenye afya wanaona tofauti kidogo. Kwa mtu mmoja, karatasi haiwezi kusema huyu anao, huyu hana.

"Imetuambia haielekei kuwa kifafa, basi. Ugonjwa upo, mama. Mashine ndiyo haijaufikia."

Sindano ya kila mwezi, ile tuliyoiacha kwa maneno ya ukoo, ameanza tena leo.

Namfikiria yule Mjerumani akimfunga mwanawe nyaya. Alitaka kuona. Kama mimi.

Jumatatu, 17 Juni, Masoko

Shemeji alitungojea barabarani. Sikuweza kudanganya.

"Haikuona kitu? Basi siyo ugonjwa wa hospitali. Umetusaidia sana, shemeji."

Umetusaidia! Karatasi niliyojisifia ndiyo sasa inamfukuza Sekela. Nikaanza habari za Mjerumani, akapunga mkono, akaenda zake. Kikao Jumamosi.

Sikula.

Jumatano, 19 Juni

Niandike ukweli, daftari hili hasomi mtu. Nyama ya matanga niligawa mimi. Fungu la Sekela nililiona pale kwenye majani ya mgomba. Nikalipitisha kwa mtu mwingine. Nilitaka watu wajue mwenye nyumba ni nani. Alinung'unika kwa haki. Miaka mitatu nimewaacha waseme ana mdomo mbaya, na mimi nimekaa nasikiliza.

Leo nimekwenda kwake. Alikuwa anamenya ndizi. Lusajo anampasulia kuni, maana Sekela ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, mimi nilipokuwa shambani. Nikasema yote, nimesimama. Alimaliza kumenya ndizi aliyoishika.

"Hata mkia hukuniachia?"

"Hapana, dada."

"Hata mkia!"

Akaendelea kumenya. Kisha akanisogezea kisu cha pili. Nikakaa, nikamenya.

Ijumaa, 21 Juni

Manyunyu. Ukungu mpaka mlangoni. Lusajo amelala vizuri siku tatu. Anasema sauti bado zipo, ila zimesogea, kama watu walio ng'ambo ya ziwa.

Mbuzi wa kikao amepatikana. Sufuria kubwa nimeazima kanisani. Nimewaambia wote, na Shemeji Anyosisye kasema atakuja. Nitasimama mimi. Nitasema nilichofanya siku ya matanga. Nitasema pia nilijisifia kitu nisichokijua, na kwamba karatasi isiyoonyesha ugonjwa siyo ushahidi juu ya mtu. Wakicheka, wacheke. Halafu fungu la kwanza nitampa Sekela kwa mikono miwili, wote wakiona. Siyo dawa ya Lusajo, dawa yake ni sindano. Ni fungu lake tu, limechelewa.

Sekela ameleta majani ya mgomba mwenyewe. Ameyafuta moja moja, ameyapanga ukutani.

Wanakuja wote kesho, Jumamosi, saa nne asubuhi.