Niliziacha Kokoto Nje ya Ripoti

Dada Idella,

Nakuandikia hapa gazetini, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaninyooshea kidole, maana jambo lenyewe nimelifanya mimi na sina wa kumsingizia. Mimi ni rubani, nina miaka hamsini na mbili, narusha ndege ya kampuni inayojenga maghala ya ngano hapa Kansas, na mwajiri wangu, ambaye nitamwita Bi Arlene ingawa si jina lake, ni mjane wa miaka sabini na moja aliyewekewa nyonga ya chuma, mtu mwema ambaye hajawahi kunipandishia sauti hata siku nilipomsahaulia mkoba wake mjini Omaha. Ndege yetu si ya kawaida, mapangaboi yake mawili yako nyuma ya mabawa, yanasukuma badala ya kuvuta, na puani ina bawa jingine dogo, kwa hiyo ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani inarudi kinyumenyume, lakini ndani ni kimya kiasi kwamba abiria huzungumza kama wako sebuleni, na inakaribia mwendo wa jeti huku ikinywa mafuta kidogo kuliko jeti. Naipenda, Dada, nisikufiche, na napenda zaidi vile tunapotua Jumamosi watu wanaokula kifungua kinywa pale uwanjani wanaacha pankeki zao mezani kuja kuuliza hii ni ndege gani na nani anairusha.

Sasa injini zote mbili zimefikia muda wa kufunguliwa, na tarehe 12 ya mwezi ujao Bi Arlene ataweka sahihi, ama tuzikarabati tubaki na ndege hii miaka mingine kumi, ama tuiuze tuchukue ya kawaida yenye pangaboi moja mbele, na kwa kuwa hajui mambo ya ndege aliniambia, "Wewe ndiye unayejua. Niandikie ukweli, mimi nitasaini." Nikaandika kurasa kumi na nne, nikaeleza mwendo, utulivu wa ndani, mafuta, na yote ni kweli tupu, ila sikuandika kwamba viwanja vya miji midogo tunakouza maghala ni vifupi na vina kokoto, na magurudumu yetu huzirusha kokoto hizo moja kwa moja kwenye mapangaboi, ndiyo maana mimi hutua mji mkubwa kisha yeye anapanda gari saa nzima au zaidi na ile nyonga yake, wakati ndege ya kawaida ingemshusha karibu na mlango wa mteja. Mwezi Machi alikwenda kumzika mteja wake wa kwanza, mzee aliyenunua ghala kwake na marehemu mumewe wakati hakuna aliyewajua, nikatua maili sabini kutoka hapo, barabara ilikuwa na theluji, akafika watu wanatoka makaburini. Aliporudi alijifunga mkanda akaniambia, "Si kosa lako. Viwanja vya huku ndivyo vilivyo." Nami muda wote niliomngoja nilikuwa nawapiga picha wanaume wawili waliotaka kusimama kando ya ndege. Naona aibu, Dada. Nikimwambia sasa atajua nilimficha, nisipomwambia atasaini miaka kumi ya barabara, basi nifanyeje, au ninyamaze tu kwa kuwa kila nilichoandika ni kweli?

Rubani, Kansas. Tafadhali jina langu lihifadhiwe.

* * *

Ndugu rubani,

Pole. Ni hiyo moja tu, usingoje ya pili.

Ndege ya namna hiyo niliirusha mwaka mzima, kwa hiyo huna haja ya kunisimulia utamu wake. Na ubaya wake naujua, hata ule ulionificha mimi pia. Moshi wa injini huyapaka mapangaboi masizi. Barafu ikibanduka kwenye bawa inaelekea hukohuko. Kelele ambazo abiria hawazisikii zinawafikia watu wa chini, wanafunga madirisha. Kipuri kikikosekana unamngoja fundi mmoja aliye majimbo manne mbali, naye hana haraka. Kwa hayo yote siilaumu ndege. Aliyeibuni alimfikiria mtu anayetoka jiji kubwa kwenda jiji kubwa, na mtu huyo angefurahi nayo mpaka kufa. Wewe uliyetumwa kumfikiria mama wa watu na nyonga yake, ulikuwa unamfikiria nani?

Unasema kila ulichoandika ni kweli. Muuza magari mabovu naye husema hivyo hivyo. Aliomba ukweli, ukampa kurasa kumi na nne za mapenzi yako. Kupenda ndege hakuna ubaya, mimi mwenyewe nililia siku niliyoiacha yangu. Ubaya ni kumsikia akisema si kosa lako, na wewe ukamwacha aamini hivyo.

Sasa fanya hivi. Fungua kitabu chako cha safari, toa safari ishirini za mwisho, andika mlitua wapi, alikuwa anakwenda wapi, na alikaa garini muda gani. Ukurasa mmoja unatosha. Upeleke ofisini mwenyewe, asubuhi, ukae chini, na habari ya mazishi umwambie kwa mdomo wako kabla hajausoma. Usimshauri achague ndege ipi, hiyo haki kwa sasa huna. Akikufukuza, chukua koti lako na umshukuru. Akiamua kubaki na ndege yenu, basi kila mtakapotua mjini utamwendeshea wewe hilo gari, na wanaotaka picha watajipiga wenyewe.

Bado moja. Umeomba nihifadhi jina lako, nimelihifadhi. Lakini umetaja Kansas, umetaja maghala, umetaja mapangaboi nyuma na bawa puani. Jimboni hapa ndege za namna hiyo ninazozijua ni mbili, na ya pili ni ya daktari wa meno. Nakala ya jibu hili naitia posta leo, tarehe nane, ije kwako. Gazeti linatoka tarehe mosi ya mwezi ujao, na nimeangalia orodha yetu ya wasomaji: ofisi yenu huletewa, tena kwa jina la Bi Arlene wako. Una wiki tatu. Zikiisha hujafungua mdomo, habari ya makaburini ataisoma kwangu.