Matete ya Mama Keza

Niboye, Alhamisi

Yamekatwa yote. Mwaka mzima nimesubiri matete yale yashike mizizi bwawani na kusafisha maji ya vyoo vya kijiji. Leo nimekuta visiki tu, na uchafu unateremka hadi chemchemi ambako wanakijiji huchota maji ya kunywa.

Mama Keza hakuficha. "Tulikata sisi wanawake wiki iliyopita, injinia. Ng'ombe hawana majani."

Nikamwambia matete ndiyo yaliyokuwa yakisafisha maji.

"Mbona hukutuambia?"

Niliwaambia wanaume, mkutanoni. Wanawake walikuwa shambani, nami nilikuwa na haraka ya kurudi Kigali.

Keza, mwanawe anayenyonya, anaharisha tangu Jumatatu. Macho yameingia ndani, hata kulia hawezi. Nimewapeleka kituo cha afya kwa gari la kazini, akatundikiwa dripu.

Nimewakataza wanakijiji kuchota pale. "Sasa tunywe yapi?" mama akauliza. Chemchemi nyingine iko ng'ambo ya mlima, na matete mapya yatahitaji mwaka mwingine.  

Jioni nimempigia Mama Keza simu. Keza yuko kwenye dripu ya pili, bado hanyonyi. Halafu akanishukuru kwa lifti.

Heri angenitukana.