Huyo wa Sebuleni Si Wewe

Babu,

Siku ya kumi na tatu tangu ufe walikutundika juu ya televisheni, wakakuvisha shada la msandali kama tunavyowafanyia marehemu wetu. Ila si wewe. Baba Mkubwa aliipeleka picha yako ya pasipoti kwa fundi wa kompyuta hapa ughaibuni, Hounslow. Fundi akakurudisha na suti ya buluu, tai, na ngozi nyeupe kama ya tangazo la sabuni. Doa la kidevuni, ulilozaliwa nalo, amelifuta. Alidhani ni uchafu!

Nilikuwa nimewaletea ile picha niliyokupiga kazini kwako uwanja wa ndege, umevaa fulana ya kazi, umeegemea troli za mizigo, unacheka. Baba Mkubwa hakuitazama mara mbili. "Wageni wamwone mzee wetu msukuma troli?" Unanijua, watu wakijaa chumbani sauti hainitoki. Nilikwenda jikoni kuosha vikombe, hata vilivyo safi.

Nina hasira naye, lakini nawe pia, Babu. Nani alimfundisha? Si wewe, kwenye studio yako ya picha kule Kisumu? Ulinisimulia mwenyewe. Koti moja msumarini, kila mteja akilivaa anakuwa karani. Saa ya mkononi iliyokufa. Brashi nyembamba ya kuwapaka mabinti rangi nyeupe kwenye picha kabla hazijatumwa kwa wakwe. Na yule bwana harusi aliyemjua mchumba wake kwa picha tu, akafika akampita, akamsalimu dada mtu! Ulicheka mpaka ukakohoa. Nami nilicheka. Sasa namfikiria yule binti, amesimama pale.

"Mtu akija studio, mpe uso anaoutaka," ulikuwa ukisema. Haya, wewe uliutaka upi? Hakuna aliyekuuliza.

Jana Baba Mkubwa alimbeba kitukuu wako, akamwonyesha fremu. "Sema Babu. Sema, Babu." Mtoto akasema. Bibi akatazama zulia. Mimi nilikuwa na trei ya chai mkononi, nikasema, "Huyo siye." Kwa sauti ndogo tu, lakini walisikia.

"Vitabu vimekuharibu, wewe," Baba Mkubwa akaniambia.

Jumapili wageni wanakuja tena. Nitampakata mtoto, nimpe ile picha niliyokupiga aishike, nimwambie huyu ndiye Babu. Mbele yao wote. Safari hii sitakimbilia jikoni.

Nenda salama, Babu. Kuhusu wale mabinti, bado sijakusamehe.

Mjukuu wako,
Hansa