Tulizunguka Ziwa Pamoja na Mama

Kisangani, Jumapili jioni, mwezi wa tisa 1956

Mawingu yameshuka tangu adhuhuri, lakini mvua imekataa kunyesha. Hewa ni nzito. Watoto wamelala mapema kwa uchovu wa kutembea, na bwana yangu Ramazani amekwenda msikitini. Mama yangu yuko uani, amekaa kwenye mkeka, amenipa mgongo. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na sitaki anisikie.

Asubuhi tulikuwa na furaha. Hilo lazima niliseme kwanza.

Ramazani ni karani bandarini. Wiki nzima alikuwa akitusifia lile ziwa la msituni, kwenye njia ya Bengamisa. Serikali imeuhifadhi msitu wote wa pale, hakuna kuwinda wala kukata mti. Sasa wamesafisha njia ya kulizunguka ziwa, ili familia za mjini zipate mahali pa kutembea siku ya mapumziko. Alipata ruhusa kwa mkubwa wake, akapata na nafasi kwenye kamio, lori linalokwenda huko kuchukua ndizi. Nikapika wali na samaki, nikafunga sombe ya majani ya muhogo kwenye sufuria ndogo. Idi na Asha hawakulala vizuri kwa kungoja.

Mama alikuja kwa sababu sisi sote tulikuwa tunakwenda. Hakuuliza ni wapi.

Kamio ilipoacha barabara kubwa na kuingia msituni, niliona ameshika ubao wa gari kwa mikono miwili. Nilidhani ni mashimo ya njia yanamsumbua. Nikamuuliza kama kichwa kinamzunguka. Akasema hapana.

Njia yenyewe ni rahisi kabisa. Imelala sawa, haina mlima, na penye tope wamepanga mbao ili mtu asiloweshe viatu. Mtoto anaimaliza, mzee anaimaliza. Ziwa liko upande wa kushoto mwendo wote, maji yake ni meusi kama chai iliyokaa jikoni, na hayana sauti. Sisi wa Kisangani tumezoea maji yanayopiga kelele. Kule Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, huwezi kumsikia mwenzako akikuita. Maji haya yalinyamaza tu, na sisi tukaanza kusema polepole bila kujua kwa nini.

Mama alikuwa mbele yetu. Baada ya mwendo kidogo niliona jambo.

Hakuwa akifuata njia.

Anatembea sawa, kisha anaacha njia, anapita majanini, anazunguka mahali ambapo hapana kitu, anarudi njiani. Mbele kidogo tena vilevile. Asha akaona ni mchezo, akawa anamfuata nyuma, anazunguka naye. Idi naye akaingia. Ramazani alicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikauliza.

"Mama, unakwepa nini pale?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kijinga.

"Ile iko nyumba ya watu," alisema. "Siwezi kupita mu nyumba ya watu bila hodi."

Nikatazama. Majani, miti myembamba, basi. Lakini nilipotazama zaidi niliona miti ile ni midogo kuliko mingine, na michikichi miwili imesimama kwa mstari, kama iliyopandwa na mtu.

Nimekua nikisikia kwamba wazazi wangu walitoka "kule njia ya Bengamisa". Ni hayo tu. Papa alikufa bila kuongeza neno. Sikuwahi kuuliza, kwa sababu kila mtu katika mtaa wetu ametoka mahali fulani.

Tulipofika upande wa pili wa ziwa, palikuwa na benchi la mbao lililotazama maji. Familia ya Wazungu ilikuwa pale, bwana, bibi, na binti yao mdogo mwenye kofia nyeupe, wanakula mkate. Binti alikuwa akining'iniza miguu, anaipiga piga chini.

Mama alisimama. Kisha akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, sauti ya mwanamke kijana.

"Salima! Salima, toka kule ku maji!"

Salima ni mimi. Nilikuwa nyuma yake, karibu kumgusa.

"Mama, niko hapa."

Hakugeuka.

"Hapana weye," alisema. "Siko naita weye."

Sufuria ikaniponyoka. Ramazani alinishika bega. Mama akaketi chini palepale, akaanza kutueleza huku macho yake yako kwenye lile benchi, na alieleza kama mtu anayesimulia jambo la jana.

Kijiji kilikuwa hapa, kimelizunguka ziwa. Yeye alikuwa na binti wa kwanza, Salima, aliyekuwa ameanza kusema maneno mengi na kukimbilia maji kila mlango ukiachwa wazi. Kisha ukaja ugonjwa wa usingizi. Mtoto akalala mchana, akalala tena, akakataa kula, akafa. Walimzika nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, ili asilale mbali. Udongo haujakauka, wakaja askari na kusema nzi wa maji haya ndio wanaoua watu, kijiji kiondoke siku hiyohiyo. Nyumba zikachomwa. Mama alikuwa na mimba.

"Walituambia tutarudia," alisema. "Mimi nilimwambia mutoto, ngoja kidogo, mama iko anarudia."

Mimba ile ni mimi.

Akanyoosha mkono kuelekea benchi, kwenye miguu ya yule binti wa Kizungu.

"Pale. Chini ya ile kiti. Iko mutoto yangu."

Kisha akasimama, akaenda. Alipita mbele ya wale Wazungu kama hawapo, akapiga magoti, akaanza kuondoa majani chini ya benchi kwa mikono. Bibi alishtuka, bwana akaweka mkate wake chini. Mlinzi wa msitu akaja mbio kutoka kibandani kwake.

"Mama! Hapa hakuna kugusa kitu! Toka!"

Ramazani wangu ni mtu mwoga. Naliandika hili kwa upendo. Anaogopa wakubwa, anaogopa karatasi zenye muhuri, mbele ya Mzungu hujifuta jasho hata kukiwa na baridi. Nilijua atamvuta mama na kuomba radhi. Badala yake alivua kofia, akasimama kati ya mlinzi na mama yangu, akamwambia yule bibi kwa Kifaransa, taratibu, kwamba kuna mtoto chini ya benchi.

Bibi aliinama kutazama. Alimtafuta mtoto. Alitazama huku na huku chini ya ubao, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidia. Hakuona ila mikono ya mama yangu kwenye udongo.

Nikaona anaelewa. Alimnyakua binti yake kwenye benchi kwa nguvu hata kofia ikaanguka, akamkumbatia, akaondoka naye bila kuifuata ile kofia. Bwana yake aliiokota na vyombo vyao. Alimwambia mlinzi neno moja, na mlinzi akarudi nyuma.

"Bon, mufanye mbio," mlinzi alisema. Akageuka akatazama ziwa.

Tukainua mikono, tukasoma Fatiha. Idi anaijua yote, Asha anajua mwanzo na mwisho. Mama hakusoma. Alikuwa ameweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa.

Nami nitaandika nilichohisi, hata kama ni aibu. Niliona wivu. Mtoto amelala pale miaka yote, peke yake, watu wanamkalia wanakula mkate, nami mwanamke mzima mwenye watoto wawili nikamwonea wivu. Kwa ile sauti aliyoitwa nayo. Mimi sijaitwa hivyo hata siku moja.

Tukamaliza kulizunguka ziwa kwa sababu kamio ilikuwa inangoja upande ule. Sasa mama alitembea katikati ya njia, sawasawa, kama mtu yeyote. Hakukwepa tena chochote. Hilo liliniogopesha kuliko yote, kana kwamba nyumba zote zimeondoka mara ya pili.

Tangu tumerudi, ananiita Mama Idi. Kila siku ilikuwa Salima, Salima, tangu alfajiri. Leo ni "Mama Idi, unipe maji." Nilimpelekea, nikakaa karibu naye mkekani, nikamuuliza kitu nilichokibeba tangu ziwani.

"Mama, kama yule angepona, mimi ungeniita jina gani?"

Aliniangalia usoni, kwa huruma, nadhani, huruma ya kweli.

"Sikutafuta jina ingine," alisema. "Nilikuwa nataka tu yeye arudie."

Nikamwambia sawa, mama. Nikamfunika mabega kwa kanga, maana ukungu wa mto ulikuwa umeanza kupanda. Nikaja kuandika.

Simkasirikii. Alikuwa msichana, amefukuzwa, ana kaburi bichi nyuma na tumbo mbele. Alifanya alichoweza. Mwezi ujao nitamwomba Ramazani ruhusa nyingine, na kama hataipata nitakwenda kwa miguu yangu, nipande kitu pale ambacho mtu akikiona hataketi.

Lakini najua siku itafika mama atasahau, ataliita lile jina tena kutoka uani, kama zamani. Sitaitika upesi. Nitanyamaza kwanza, nisikilize kama kuna mwingine anayeitika.