Simu Iliyolia Mara Moja

Kehancha, Migori
16 Februari 2025

Kwako mwanangu mpendwa Bonface,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Natumai hilo joto la North Horr halijakumaliza, na kile kifua chako kimeachilia. Huku tuko, Mungu anasaidia. Mahindi ya nyuma ya nyumba imekubali. Mke wangu Robi miguu bado inamsumbua, lakini kanisani anafika.

Ujumbe wako nimesoma. Unasema mnaingia ndani zaidi kuchimba visima, mahali netiwaki inakuja na kupotea, na mimi ndiye umeweka mtu wa kupashwa habari ukipata shida. Umenipangia na alama za rangi za kunitumia kwa simu: kijani uko salama, nyekundu kuna shida, mbili zikifuatana gari imekwama. Hiyo akili uliiona kwangu ukiwa mdogo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua nampa Levis mwenzako, anarudi huko kazini kesho, ikufikie kabla hamjatoka.

Unakumbuka nilivyokuwa fundi wa simu pale stage, wakiniita Injinia. Baba yako Gisiri akivuka ziwa kwenda kisiwa cha Remba kununua dagaa wa omena, akifika alikuwa anampigia mamako Priscilla, anasema amefika, basi. Mimi nikamcheka. Nikamwambia anakula kredit bure kama mzee. Nikampangia flashi kwa simu yangu, apige akate kabla sijashika. Moja, amefika. Mbili, nimpigie. Tatu, kuna hatari, nitafute msaada. Alikubali kwa sababu mimi ndiye mkubwa wake.

Ile jioni aliyovuka mara ya mwisho, simu yangu ililia mara moja, ikanyamaza. Nikaenda jikoni kwa mamako nikamwambia, "Tulia shemeji, Gisiri amefika." Nikala ugali nikijisifu moyoni.

Mwanangu, hakuwa amefika. Injini ilizima katikati ya maji. Nyarangi, yule waliyekuwa naye botini akapona, nilimkuta hospitalini Homa Bay. Akaniambia baba yako alipiga na kukata mara tatu. Nyarangi akamsihi apige tena aongee, hata neno moja. Yeye akasema, "Wacha, Mwikwabe ataelewa." Akazima simu chaji isiishe, akakaa kuningojea.

Kwangu iliingia moja tu. Na boti ilielea mpaka asubuhi ndipo ikazama, Bonface. Pale ufuoni Sori kulikuwa na watu wenye boti za injini nzima, na namba yao nilikuwa nayo.

Nyumbani nilisema alifika Remba, akazama akirudi. Hivyo ndivyo mlilia, na hivyo ndivyo mamako anajua mpaka leo. Nyarangi alihamia Tanzania, hakuna wa kunisuta. Lakini simu yoyote ikilia mara moja ikanyamaza, nasimama hapo hapo nangojea zingine. Robi anafikiri ni masikio. Hata ufundi niliacha kwa sababu hiyo, si macho kama nilivyowaambia.

Kwa hivyo huo mpango wako siutaki. Andika namba moja ya mtu mmoja kwa karatasi, weka mfukoni, na mwenzako ajue iko wapi. Huyo mtu mwambie unaenda wapi na siku gani mnatoka huko. Ukifika, piga uongee, ama andika "nimefika." Kukiwa na shida, sema ni shida. Siku ikipita bila neno, asikae kufikiria maana yake. Apigie kampuni, apigie polisi.

Jumapili ijayo naenda kwa Priscilla kumwambia kwa mdomo wangu. Nimekuandikia wewe kwanza ndio nisipate njia ya kurudi nyuma.

Dada yako Joyline na watoto wanakusalimu, Robi anasema ule vizuri. Mungu akutangulie kwa hiyo njia yote, na akurudishe kwa mlango wa mamako.

Kama ukishasoma hii huwezi kubaki na namba yangu, weka ya mtu mwingine. Sitauliza. Ila huyo mtu umwambie leo unakoenda.

Mimi baba yako mkubwa, nikupendaye hata ukinikataa,
Mwikwabe