Nimeunguza Simu, Sasa Mama Mkwe Anaumwa

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi niwekee hiyo shikamoo nitaifuata siku nyingine, naomba msaada kabla sijafukuzwa kwenye ukoo wa watu.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la nne lakini sentimita nazijua kuliko aliyezigundua, na vipimo vya wateja wangu wote, watu mia mbili na kitu, kuanzia kifua cha mwalimu mkuu mpaka nyonga za mama mwenye nyumba wangu, nilikuwa naviandika kwenye daftari, ila nikaona daftari ni ushamba, nikahamishia vyote kwenye simu, daftari nikalichana nikakatia patani za kola. Jirani yangu fundi simu akaniambia, "Bosi, weka nakala, simu nayo hufa." Nikamcheka, nikamwambia mimi si mjinga, nakala ninazo tatu, Vipimo, Vipimo Vingine na Vipimo vya Akiba, zote humo humo simuni, na juu yake nikanunua memori kadi nikaichomeka humo humo, nikalala usingizi wa tajiri.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi gauni zito, pasi yangu ya mkaa, simu iko mezani, gauni likaifunika bila mimi kuona, akaja mteja tukaanza kubishana mambo ya mpira, nikaitua pasi juu ya gauni huku nabisha, nikasikia harufu, nikasema huyu jirani leo anaunguza chakula, kumbe mimi naunguza wateja mia mbili.

Basi nikaanza ujanja wa kuwapima upya bila kusema ukweli. Mmoja nikamwambia kuna ofa, wiki hii kupimwa bure, akaniuliza, "Kwani lini ulitutoza?" Mwingine nikamwambia dada umepungua, nguo itakupwaya, njoo nikupime tena, alifurahi mpaka akaniletea mashoga zake watatu nao waambiwe wamepungua. Nikaona dawa nimeipata, nikampelekea na mama mkwe.

Mshauri, shemeji yangu anaoa Jumamosi hii na gauni la mama yake ni kazi yangu, na kumpima mara ya kwanza ilikuwa shughuli, mke wangu ndiye alipima nyuma ya pazia, mimi natajiwa namba tu kwa sauti ya chini, na mama akasema, "Mkwe, hii ni mara ya kwanza na ya mwisho." Nikaenda nikamwambia, "Mama, naona umepungua sana." Hakufurahi. Alikaa chini akashika shavu, "Kumbe hata wewe umeona?" Kumbe alikuwa na mafua! Sasa ukoo mzima umekaa kikao, bwana harusi anataka harusi isogezwe, mke wangu analia, Ijumaa mama anapelekwa hospitali na mimi ndiye nimepewa kutafuta usafiri, na huko watampima kila kitu isipokuwa kiuno ninachokihitaji mimi. Je, ninyamaze nishone kwa kukadiria macho, au nifanyeje?

Ukinijibu, simu yangu ni marehemu, tumia namba ya mke wangu, nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Fundi Sentimita.

*

Fundi Sentimita,

Kwa simu, pole. Kwa hayo mengine sina pole ya kukupa. Mtu ana mafua yake, wewe umemtafutia kifo!

Nakala tatu ndani ya simu moja si nakala. Ni mtu kuvaa suruali tatu akatumbukia mtoni, halafu anashangaa hata moja haikubaki kavu. Jirani yako alikuonya ukacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe ulitaka kuvunja la mkweo.

Nenda kwa mama leo. Usipite dukani kununua zawadi, utachelewa. Sema hivi: "Mama, hujapungua, nimeunguza simu." Atakutukana. Pokea kwa mikono miwili. Akishamaliza, mkeo arudi nyuma ya pazia na futi yake. Kukadiria kiuno cha mkwe kwa macho usijaribu, hata ukikosea kidogo utaulizwa ulikuwa unaangalia nini.

Halafu nunua daftari lenye jalada gumu. Likae nyumbani, si kibandani, na kila jioni uandike uliowapima siku hiyo. Simu mpya ukiipata, jirani yako akufungulie barua pepe, kila Jumamosi vipimo vyote uvitume huko, na neno la siri usiliandike ukutani kwa chaki, nakujua. Kila mwezi jifanye simu imekufa, mchague mteja mmoja, utafute kifua chake. Usipokipata, huna akiba, una matumaini.

Jibu hili nimelituma kwenye namba ya mkeo, kama ulivyoomba mwenyewe. Gazeti la kesho litalichapa, na wakwe wengi huanza na ukurasa huu. Barua yako ninayo mimi kabatini. Umeona? Siri yako sasa iko sehemu tatu tofauti, na pasi yako haiwezi kuzifikia zote. Hivyo ndivyo kitu kinavyotunzwa.

Kimbia, baba. Gazeti linatoka alfajiri.