Koti Alilonishonea Mama

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Bweni la Wanafunzi,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, goti likiwa limepoa na cherehani ikiwa imeacha kuruka mishono. Baba Mdogo hajambo? Na Bibi je, bado anamkagua kila mteja anayeingia dukani kuanzia viatu mpaka nywele? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nasoma, nalala. Baridi ya huku nayo tumeshafahamiana: yenyewe inapiga, mimi navaa soksi ulizonifumia, mbili mbili kila mguu.

Chuoni mambo yanakwenda. Tunajifunza kutengeneza miguu ya bandia, na siku ya kwanza ya kupima mwalimu aliniuliza nimejifunzia wapi kushika tepu. Nilimwambia nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo. Alicheka, akadhani ni mzaha.

Sasa nije kwenye barua yako, maana najua umeshaanza kuruka mistari. Chiriku wako amepata nafasi katika chuo hiki hiki, Baba Mdogo amekubali, Mama ameshanunua kitambaa cha koti, na nyumba nzima inasubiri neno moja kutoka kwako. Umeniandikia nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umesema una mtoto mmoja tu, na kama safari ile si ya kumwachia msichana peke yake, basi atasoma hapo hapo nyumbani na mtu asikununie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, siwezi kukubishia. Nitakueleza yote, pamoja na jambo ambalo sikulitia katika barua yoyote niliyomwandikia Mama. Ila nakuomba usome mpaka mwisho ndipo uamue. Ukiishia katikati utamfungia mtoto chumbani na ufunguo utaumeza.

Maandalizi unayakumbuka. Begi langu lilipimwa kwenye mizani ya muuza nyama wa jirani, likaning'inizwa kwenye ndoano, na kila mpita njia akatoa ushauri wake. Baba Mdogo aliitoa sufuria, Bibi akairudisha, Baba Mdogo akaitoa tena, mpaka mwenye bucha akasema jamani amueni, nina wateja. Bibi alishinda. Mwambie Chiriku aiache sufuria. Zipo hata huku, na ile yangu imekaa chini ya kitanda tangu nifike kwa sababu haienei kwenye jiko la bweni.

Bibi pia alinishauri nisinywe maji siku ya safari, nisije nikawa mtu wa kuinuka inuka mbele za watu. Nilimtii. Hatujafika hata nusu ya njia, kichwa kilikuwa kinagonga na midomo imekauka mpaka kucheka kuliuma. Hewa ya mle ndani ni kavu. Chiriku anywe maji, achague kiti cha kando ya njia, na ainuke bila kuona haya. Choo kimewekwa kitumike. Viatu avae vile vinavyolegezwa, kwa sababu miguu huvimba. Mimi nilivivua kwa raha, kuvirudisha nikashindwa. Masikio yakiziba wakati wa kupanda na kushuka, atafune kitu. Kwake hilo si tatizo, mdomo wake haujawahi kupumzika.

Kupaa kwenyewe kunatisha, sikufichi. Ndege ilipoanza kukimbia nilishika kiti kwa mikono miwili nikafumba macho. Ikanyanyuka, tumbo likabaki nyuma kidogo, halafu likafuata. Baada ya hapo ni kukaa tu. Unakaa, unalala, unaamka, na bado unakaa.

Sasa koti. Ulikuwapo Mama alipolikata, lakini siku alipolimaliza ulikuwa umekwenda kununua vifungo. Alichukua barua ya chuo na vyeti vyangu vyote, akavitia kwenye mfuko wa nailoni, akavishonea mgongoni mwa koti, chini ya bitana. Alisema mkoba huibiwa, begi hupotea, lakini mgongo wa mtu hauna mwizi. Akatumia uzi ule mnene wa kushonea mabegi, nyuzi mbili pamoja, mshono wa kurudi nyuma. Unamjua dada yako: akishona yeye, nguo huisha mshono ukabaki. Kisha akanipa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, nikautia kwenye mkoba wa mkononi.

"Ukifika chuoni, fumua hapa," akaniambia, akinionyesha kwa kidole.

Bibi akasema huo ndio utu uzima. Mimi nikaona ni mpango wa maana. Tulikuwa watu watatu tuliokulia kwenye nguo, na hakuna hata mmoja aliyeona tatizo.

Tatizo lilijitokeza uwanja wa ndege, na hata hapo nililiona nusu. Mkaguzi aliutoa mkasi kwenye mkoba, akautazama, akautia kwenye sanduku lililojaa visu na nyembe za watu wengine. Hakufoka wala nini. Vitu vya makali havikai na abiria ndani ya ndege. Kila mtu analijua hilo isipokuwa sisi, ambao mkasi kwetu ni kidole cha sita. Niliusikitikia mkasi wa Mama, lakini koti sikulifikiria. Nilijiambia huko chuoni hawatakosa mkasi.

Tukashuka kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Mlangoni pa ndege ya pili palikuwa na afisa mmoja wa kike, mpole wa sura. Akaangalia pasipoti, akaangalia tiketi, akaomba barua ya chuo. Nikamwambia ninayo. Akanyoosha mkono. Nikageuka nikamwonyesha mgongo. Alidhani naumwa, akanisogezea kiti.

Nilipofaulu kumweleza kwa ile lugha yangu ya darasani, upole ulimpungua. Bila barua hapandi mtu, na mlango ulikuwa karibu kufungwa. Ndege ikiniacha, ningerudishwa nilikotoka, na nafasi yangu chuoni angepewa mwingine. Alinieleza hayo taratibu, kwa kunihurumia, na huruma yake ndiyo iliyonitisha zaidi.

Nikavua koti, nikapiga magoti sakafuni, nikaanza kuung'ata uzi kama Mama anavyofanya na Bibi anavyomkataza. Uzi ukanigomea. Niliuma, nikavuta, fizi zikatoa damu. Nikamwomba afisa kitu chochote chenye makali, akafungua viganja vyake vitupu. Hapo nikalia, Mama Mdogo. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote. Nilimlilia Mama, na papo hapo nilikuwa nimemkasirikia kwa kujua kushona.

Nyuma yangu kwenye mstari alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Hatukuwa na lugha hata moja ya kusikilizana. Akachuchumaa kwa shida, akatoa mfukoni rundo la funguo, na kwenye funguo zile palining'inia kikata kucha. Wakaguzi walikuwa wamemwachia. Yeye akaivuta bitana, mimi nikakata, mshono mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayefumua pindo la mteja asiyejua anataka nini. Watu walinung'unika mwanzoni. Kisha mama mmoja akatoka kwenye mstari, akamkabidhi mwenzake mtoto, akaja kushika koti upande wa pili bila kuombwa. Barua ilipotoka walipiga makofi. Afisa aliisoma, akanirudishia, akasema, "Haya, kimbia!" Lugha ni yake, lakini neno hilo nililielewa. Nikapanda miongoni mwa wa mwisho, koti limeachama mgongoni na viatu nimevikanyaga visigino.

Ndege ya pili ilikuwa na safari ndefu kuliko ya kwanza, tena na baridi. Nilijifunika koti. Nilipolivuta kuleta mabegani, bitana ikafunguka pale tulipokata, na kwa ndani nikaona rangi ya kijani. Nikaingiza mkono. Kumbe kati ya kitambaa cha nje na bitana Mama alikuwa ameweka tabaka jingine la kutia joto. Nilimwona akilipima, nikamuuliza ni nini, akasema ni mabaki ya dukani tu. Hayakuwa mabaki. Lilikuwa gauni lake la kijani lenye vidoa vyeupe.

Gauni lile unalijua, ulimwomba akuazime mara mbili akakunyima. Ndilo alilokuwa akivaa kila alipoitwa shuleni kwangu, kwa sifa au kwa makosa, na makosa ndiyo yaliyokuwa mengi. Ulipomuuliza liko wapi akasema limeliwa na panya, nawe ukamcheka, ukasema panya wa nyumba hii wana jicho la kuchagua nguo. Panya hawana hatia. Alilikata vipande yeye mwenyewe, akauzungushia mgongo mzima na mikono yote miwili, kisha akafunika juu yake asione mtu.

Nililia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Mhudumu akaniletea maji, nikanywa yote, Bibi anisamehe. Nilikuwa mbali na kila mtu ninayemjua, juu ya mawingu, sijui hata nchi gani iko chini yangu, na woga ulikuwa umenitoka. Nililala na kichwa ndani ya lile koti mpaka tukatua.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Safari ni ndefu, inachosha, mahali pengine inatisha, na mtoto wako anaweza akalia mbele ya watu asiowajua. Siwezi kukuambia vinginevyo. Lakini watu hao asiowajua nao wana watoto, na wengine wana kikata kucha. Uliniuliza kama ni safari ya kumwachia peke yake. Mimi nilidhani nakuja peke yangu, na haikuwa hivyo hata kidogo. Mwache aje, Mama Mdogo. Nitakuwa nimesimama uwanjani kabla ndege yake haijagusa ardhi, nimevaa koti langu. Nimelishona upya mwenyewe na mshono umepinda. Mama akiuona atanifumulisha siku hiyo hiyo.

Barua hii unaweza kumsomea Mama. Nilimficha kwa sababu nilijua atajilaumu na kukosa usingizi. Sasa mwambie silalamiki. Angetumia uzi mwembamba nisingehangaika, na nisingehangaika nisingejua nimevaa nini. Ila safari hii karatasi zote zikae kwenye mkoba, mkononi, na mkasi ubaki nyumbani. Mwambie pia gauni lile simrudishii.

Nisalimie Bibi, umwambie sufuria yake ni nzima na haina hata doa la moshi. Nisalimie Baba Mdogo, na yule mwenye bucha, mwambie mizani yake haikukosea hata kidogo. Chiriku mpe salamu fupi, nyingine tutazimaliza uso kwa uso. Mama mkumbatie kwa niaba yangu, hata kama atakuuliza umepatwa na nini. Mungu awafunike nyote mchana na usiku, na akupe wewe moyo wa kumfungulia mtoto mlango.

Jambo moja tu limebaki. Koti la Chiriku likifika kwenye bitana, fungua kabati lako. Usimpe Mama gauni ulilolichoka. Mpe lile ambalo utakuja kulitafuta.

Wako akupendaye bila kipimo,
Mwanao wa chini ya meza.